Kabla ya Vanishi, Tafuta Karatasi

Ukienda kununua boti ya zamani, ulizia karatasi kwanza, ufunguo baadaye. Muuzaji anaweza kukushangaa, lakini mara nyingi atakumbuka kwamba lipo boksi fulani darini: risiti za marehemu baba yake, kitabu cha injini chenye madoa ya grisi, barua mbili tatu kutoka kiwandani, pengine na brosha ya rangi iliyokunjwa mara nne. Lichukue boksi hilo siku hiyohiyo. Boti ikishaondoka uani, anayebaki atafagia banda, na karatasi zisizo na boti hazina mtetezi.

Nazungumzia hasa boti za mbao za kiwandani za Marekani, zile za mahogani na vanishi zilizotamba kuanzia miaka ya 1920 mpaka faiba ilipozipiku katika miaka ya 1960. Mifano yangu mingi itatoka Chris-Craft, kampuni ya ukoo wa Christopher Columbus Smith wa Algonac, Michigan. Sababu ni nyepesi: ilitengeneza boti nyingi, ikachapisha karatasi nyingi, na karatasi zake zimetunzwa kuliko za wenzake. Mwenye Century, Gar Wood au Lyman atapita njia ileile, ila atachoka zaidi.

Boti yenye miaka sabini imeshapita mikono mingi, na kila mwenye nayo alikuwa na lake. Huyu aling'oa injini akafunga ya gari. Yule alipaka rangi ya buluu kwa sababu mkewe aliipenda. Wa tatu alibadilisha viti, wa nne akaongeza taa, wa tano akaiacha chini ya turubai miaka kumi na miwili. Wewe wa sita unasimama mbele yake na maswali ambayo mbao hazijibu. Viti vilikuwa vyekundu au vya kijani? Kioo cha mbele kilikuwa kipande kimoja au viwili? Mistari ya sitaha ilipakwa rangi nyeupe au iliachwa na rangi ya mti? Fundi mzuri atakutengenezea chochote utakachomwagiza, na hapo ndipo penye hatari, maana atatengeneza vizuri sana kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Kuna na suala la fedha na heshima. Katika maonyesho ya Antique and Classic Boat Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1975, majaji hupima ni kiasi gani boti imebaki na uasili wake. Jaji hataki hadithi ya babu. Anataka kuona imeandikwa wapi.

Basi wengi hukimbilia brosha, kwa kuwa ndiyo yenye picha na ndiyo nzuri kutundika ukutani. Mimi sikatazi. Ila mkusanyaji lazima ajue anashika nini. Brosha iliandikwa na mtu wa mauzo, wala si na fundi. Boti mpya zilizinduliwa majira ya vuli na kuonyeshwa New York mwezi Januari, kwenye maonyesho makubwa ya taifa, kwa hiyo picha na maelezo vilibidi viwe tayari kabla ya boti zenyewe kuanza kutoka kwa wingi. Kilichopigwa picha mara nyingi kilikuwa boti ya majaribio. Ilipofika zamu ya boti yako, mshikio ulishabadilishwa, taa ya omo imehamishwa, dashibodi imepata saa za mshale za aina nyingine. Geuza ukurasa wa mwisho usome yale maandishi madogo chini kabisa: mtengenezaji anajiwekea haki ya kubadilisha vipimo, vifaa na bei bila kutoa taarifa. Hakuna sentensi ya kweli zaidi katika brosha nzima. Na ukiona picha imechorwa kwa brashi badala ya kupigwa kwa kamera, usithubutu kupima chochote juu yake.

Chukua mwaka 1946. Vita vilikuwa vimekwisha, Wamarekani walikuwa na fedha na hamu ya kuingia majini, lakini mahogani ilikuwa haba. Baadhi ya boti za Chris-Craft za mwaka huo zilijengwa kwa mbao za mwerezi, na kwa kuwa mwerezi haupendezi chini ya vanishi kama mahogani, zikapakwa rangi nyeupe. Mtu asiyejua akiipata boti kama hiyo ataona ile rangi ni uharibifu wa mwenye boti aliyemtangulia. Atakwangua mbavu nzima akitafuta mahogani ambayo haikuwekwa, kisha atatoa mbao zenyewe na kuweka nyingine. Boti iliyovumilia kwa miongo mingi itakuwa imepoteza uasili wake kwa wiki mbili za bidii.

Ndiyo maana nasisitiza karatasi zisizo na sura. Kwa mwenye Chris-Craft, karatasi namba moja haiuzwi mnadani. Ni kadi ya boti yake, na iko katika jumba la makumbusho la Mariners' Museum, mjini Newport News, Virginia, ambako zimehifadhiwa nyaraka za kampuni hiyo. Kadi ilijazwa kiwandani boti ilipokuwa inamaliziwa: namba ya boti, namba ya injini iliyofungwa, rangi ya viti, vifaa vya ziada, tarehe, na wakala aliyepelekewa. Haina picha wala maneno matamu. Makumbusho hutoa nakala kwa malipo, na fedha hizo zitangulie hata kopo la kwanza la vanishi. Kadi ikisema injini iliyotoka kiwandani ni tofauti na hii uliyonayo, umeshajua jambo ambalo brosha kumi zisingekwambia.

Ili kuiomba kadi unahitaji namba kamili ya boti, na namba yenyewe ni ya kusomwa kwa makini. Katika boti za baada ya vita, herufi na tarakimu za mwanzo hutaja aina na urefu. R-17 ni boti ya starehe ya futi 17. U-22 ni Sportsman ya futi 22, aina ya ile iliyoonekana katika filamu ya On Golden Pond ya mwaka 1981. Baada ya hapo hufuata namba ya boti yenyewe. Imegongwa kwenye mbao, na rangi za miaka mingi huifunika, kwa hiyo tumia taa ya mkononi kwa pembeni, usikwangue. Tazama pia chini ya vifuniko vya injini na nyuma ya mbao za viti. Mara nyingi utakuta tarakimu za mwisho zimeandikwa huko, kwa sababu mafundi hawakutaka kifuniko cha boti hii kiishie kwenye ile.

Baada ya kadi, nenda kwenye injini. Kitabu cha injini na orodha ya vipuri ni karatasi zinazolipa gharama yake mapema kuliko zote. Injini ya Chris-Craft yenye herufi K, silinda sita na nguvu za farasi 95, ilijengwa juu ya bloku ya Hercules wa Canton, Ohio, kisha ikageuzwa kuwa ya majini. Mwenye kulijua hilo hutafuta vitabu vya pande zote mbili, na mara nyingi kipuri kinachosemekana kimeshakwisha duniani hupatikana kwa jina la Hercules. Kama boti yako ina injini mbili, orodha ya vipuri si ya hiari tena: moja huzunguka kinyume cha nyingine, na baadhi ya vipuri vya upande wa kulia havifai kushoto. Gray Marine na Chrysler nao walichapisha vitabu vizuri. Usikidharau kilichochafuka. Mikono ya mafuta ni ushahidi kwamba kilitumika, na pembeni mwa kurasa huenda fundi wa zamani ameandika kwa penseli vipimo vyake mwenyewe.

Orodha ya bei ndiyo karatasi inayopotea kuliko zote. Ilichapishwa kwenye ukurasa mmoja mwembamba na kuchomekwa ndani ya brosha ili wakala aweze kuibadilisha. Watu walihifadhi brosha kwa sababu ya picha, wakaitupa orodha. Lakini ndiyo inayosema kipi kilikuja na boti na kipi kililipiwa zaidi: turubai, taa ya kumulika, kiti cha ziada, injini kubwa. Ukipata brosha ambayo orodha yake bado imo ndani, usivitenganishe.

Magazeti ni bahari nyingine. The Rudder lilianza mwaka 1890, Yachting mwaka 1907. MotorBoating lilihaririwa na Charles F. Chapman tangu 1912 hadi 1968, na matoleo yake ya Januari yalifurika matangazo ya boti mpya kwa ajili ya maonyesho. Kabla hujatoa hata dola moja, fungua Google Books, maana matoleo mengi ya zamani ya MotorBoating yamewekwa humo yote, kurasa zote, bure. Soma huko, andika mwezi na ukurasa, kisha amua kama unataka toleo la karatasi. Kuna wafanyabiashara wanaochana magazeti na kuuza tangazo mojamoja ndani ya fremu. Sinunui, na nakushauri usinunue. Gazeti zima lina barua za wasomaji, matangazo ya rangi za wakati ule na ripoti za majaribio. Ukurasa uliochanwa una picha tu, tena ya mtu wa mauzo yuleyule.

Sasa tuje kwenye jambo linalowasumbua wengi: brosha nyingi hazina mwaka. Kampuni haikutaka brosha ionekane imechakaa kabla haijaisha kugawiwa. Hapo inabidi uwe mpelelezi, na mahali pa kuanzia ni anwani. Mnamo 1943 posta ya Marekani iligawa miji mikubwa katika kanda, anwani ikawa na namba fupi baada ya jina la mji, kwa mfano Detroit 7, Mich. Tarehe 1 Julai 1963 namba hizo zikapisha msimbo wa tarakimu tano unaotumika mpaka leo. Kwa hiyo namba fupi ni alama ya miaka hiyo ishirini, na tarakimu tano ni alama ya baada yake. Algonac, na Manistee ilikotengenezwa Century, ilikuwa miji midogo isiyogawiwa kanda, lakini mtengenezaji wa injini wa Detroit alikuwa nayo, na wakala wa Chicago alikuwa nayo kwenye muhuri wake mgongoni mwa brosha. Angalia tu usichanganye mambo: muhuri unaonyesha wakala alipougonga, na wakala bahili aliweza kuendelea na muhuri wa zamani mpaka mpira ukaisha.

Linganisha pia nguvu za injini zilizotajwa na urefu wa boti zilizoorodheshwa, kwa sababu vilibadilika karibu kila mwaka. Usisahau kwamba mwaka wa toleo si mwaka wa kalenda. Boti iliyotoka kiwandani Novemba 1954 inaweza kuwa ya toleo la 1955, na brosha yake ilichapishwa 1954. Nimesikia watu wazima wakigombana kuhusu hilo kwenye gati, kila mmoja na karatasi yake mkononi, na wote wawili walikuwa sahihi.

Brosha zilizochapishwa upya ni nyingi, na si zote za udanganyifu. Vyama vya wenye boti huzichapa kwa ajili ya wanachama, nazo zinafaa sana kwa karakana, ambako karatasi halisi haina kazi. Tatizo ni pale mtu anapoiuza nakala kwa bei ya asili. Nunua kioo cha kukuzia cha mara kumi, cha wakaguzi wa vito, uweke jicho juu ya picha. Katika uchapaji wa zamani utaona vidoa vya rangi vimepangwa kwa utaratibu, kingo zake safi, na herufi za maneno zimekolea wino mmoja bila vidoa. Nakala iliyotolewa kwenye skana huwa na vidoa juu ya vidoa, na hata herufi nazo zimevunjika kuwa vidoa. Kisha zima taa, washa tochi ya miale ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Dawa za kung'arisha karatasi zilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1950. Karatasi inayodaiwa kuwa ya 1938 ikiwaka buluu kali gizani, mrudishie mwenyewe. Tazama na pini za stepla. Za zamani huwa zimeacha angalau kivuli cha kutu.

Kuhusu mahali pa kutafuta, minada ya mtandaoni inajulikana na kila mtu, kwa hiyo nitasema moja tu: tafuta jina likiwa limekosewa. Wauzaji wanaouza vitu vya nyumba ya marehemu hawajui boti, wataandika Criss Craft au Crischraft, na mnada utapita kimya. Omba picha ya kila ukurasa, hasa sehemu za mkunjo, na uliza wazi kama inanuka ukungu. Zaidi ya hapo, nenda kwenye maonyesho yenyewe. Clayton, New York, kando ya Mto St. Lawrence, ndiko liliko jumba la Antique Boat Museum, na kwenye mikusanyiko ya namna hiyo wazee huja na maboksi nyuma ya gari. Mzee akikuuzia brosha, mwulize na habari za boti. Kuna wanaokumbuka ni nani aliyekuwa wakala wa mji gani, na kama wakala huyo aliacha watoto wa kuwaulizia karatasi.

Huku kwetu mwambao hali ni nyingine kabisa. Jahazi la Lamu halikuwahi kuwa na brosha wala ramani. Fundi alilijenga kwa jicho, na kilichobaki ni kumbukumbu ya ukoo na labda picha. Mwenye chombo kama hicho atumie bidii hii kurekodi fundi akiwa hai. Karatasi tulizonazo ni za injini. Chukua British Seagull, ile mashine ya nyuma ya Kiingereza iliyosambaa katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Kitabu chake cha zamani kinataka sehemu moja ya oili kwa kumi za petroli. Matoleo ya baadaye yakashuka hadi moja kwa 25. Kijana aliyezoea mashine za leo za moja kwa 50 akiiwekea Seagull ya zamani mchanganyiko wake, ataiua huku akidhani anaitendea wema. Kijitabu cha kurasa chache kingemwokoa.

Tukija kwenye utunzaji, kanuni ya kwanza ni kwamba karatasi halisi haikai ndani ya boti, hata kama kabati yake ni kavu kiasi gani. Maktaba za nyaraka hulenga unyevu wa asilimia 30 hadi 50 hewani. Mombasa na Dar es Salaam hukaa juu ya 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo mkusanyaji wa pwani anahitaji chumba chenye kiyoyozi, au boksi la kufunga kabisa lenye vifuko vya silika, na vifuko hivyo vikaushwe kwenye joko mara kwa mara, la sivyo ni mapambo. Usifungie karatasi yenye unyevu ndani ya plastiki. Utakuwa unafuga ukungu. Boksi likae juu ya rafu ya chuma, mbali na ukuta. Mchwa hawajali thamani.

Mifuko ya kuhifadhia iwe ya poliesta isiyo na PVC. Ile laini ya bei rahisi yenye harufu ya pazia la bafuni hutoa asidi na kunyonya wino. Baada ya miaka michache picha ya boti yako itakuwa imehamia kwenye plastiki. Selotepu, gundi na kulaminisha ni marufuku. Ukitaka kuandika, andika kwa penseli, tena kwenye karatasi nyingine: umeinunua wapi, lini, kwa nani.

Maji yakiingia, harakisha. Karatasi ya kung'aa ya brosha imepakwa udongo mweupe laini, na udongo huo ukilowa hugeuka gundi. Kurasa zikikaukia pamoja huwezi tena kuzitenganisha bila kuchana. Zitenganishe zikiwa bado mbichi, uweke karatasi isiyonata katikati, upepee. Kama ni nyingi na huwezi kuzimaliza ndani ya siku mbili, zifunge kidogokidogo na uzitie kwenye friza. Zitasubiri humo bila kuharibika zaidi mpaka upate nafasi au upate mtaalamu.

Kila kipande kipige skani siku kinapoingia, kwa nukta 600 kwa inchi kama kina picha, na jina la faili lianze na kampuni, mwaka, kisha aina. Nakala ya kuchapa ndiyo inayokwenda karakanani kuchezewa na vumbi na vanishi. Tuma faili kwa chama chako pia. Wapo wanaoficha walichonacho ili kisipoteze thamani; sijaona brosha iliyoshuka bei kwa sababu watu wengi wanaijua.

Na boksi la boti lisiishie mwaka ulipoinunua. Weka humo risiti zako, jina la rangi na namba yake, picha za mbao zilizooza kabla hujazitoa, hata vipande vidogo vya kitambaa cha kiti kilichokuwapo. Siku utakapouza boti, vitu vinavyoihusu boti hiyo viende nayo, kadi, risiti na kitabu cha injini, na uviandike kwenye hati ya mauzo. Brosha za jumla na magazeti ni vyako. Ulizozipata mbilimbili badilishana na wenzako, lakini kabla ya kumwachia mtu hata moja, weka zote mbili mezani na uzihesabu kurasa. Mara nyingi ile iliyochakaa ndiyo yenye orodha ya bei.